Sarafu mbili za ndovu

Nilipokuwa naandaa maombi ya shahada ya uzamili ya ushauri wa jenetiki, yaani kuzishauri familia kuhusu maradhi ya kurithi, kule Cape Town, nilijua nitaulizwa kama nimewahi kukaa na watu wenye shida nikawasikiliza. Nikaomba ruhusa ya kumsaidia sista mmoja katika kliniki ya watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hapa Mombasa. Pwani yetu ina maradhi haya kwa sababu ya malaria: anayebeba nakala moja tu ya jeni (chembe ya urithi) ya ugonjwa huu hukingika na malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alilionyesha mwaka 1954.

Asubuhi moja akaingia mama kijana, mtoto amevimba mikono na miguu, na mavyaa wake nyuma.

"Kwetu hakuna maradhi haya," bibi akasema hata kabla ya kuketi. "Yametoka kwao."

Mama akainamisha kichwa. Sista hakubishana. Alitoa kwenye pochi sarafu mbili za shilingi 20, moja akampa bibi.

"Hii ya mwanao, hii ya mkaza mwanao. Kila moja ina upande wa ndovu, ndio jeni ya ugonjwa, na upande wa nembo. Mtoto huchukua upande mmoja kwa baba na mmoja kwa mama. Ndovu wawili, mtoto ni mgonjwa. Ndovu mmoja, amebeba tu. Haya, rusheni."

Wakarusha, wakarusha tena. Mama akainua uso. "Kumbe mmoja katika wanne! Basi mimi wangu mgonjwa nimeshampata, watatu wajao ni wazima?"

"La, mwanangu. Sarafu haijui ilivyoanguka jana. Kila mimba ni robo ile ile."

Bibi alikuwa akiigeuzageuza sarafu yake. "Na mwanangu huyu ndovu kampata wapi?"

"Kwako, bibi, au kwa babake."

Bibi hakujibu. Alinyoosha mikono akampakata mjukuu.

Ndipo mama akanigeukia mimi. "Dada, ungekuwa wewe ungezaa tena?"

Nilikuwa na jibu, tena lilinijia mdomoni. Sista akaniwahi: "Wewe, mwanangu, ni lipi linalokukosesha usingizi?" Mama akanyamaza kitambo, kisha akasema, mavyaa wake akisikia: "Naogopa kuachwa."

Neno hilo lisingetoka lau ningemjibu. Angeondoka na rai yangu, na hofu yake angerudi nayo nyumbani vile vile. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yenyewe: hesabu uieleze sawasawa, kisha uwaachie wenyewe uamuzi, na uwe tayari kusikia ambalo hukuliuliza.

Usiku ule niliiandika upya barua yangu ya maombi. Ilianza na swali la yule mama, bila jina lake wala mtaa wake. Sista aliisoma kabla ya kuandika pendekezo lake, akaniambia niongeze jambo moja: kwamba baba wa mtoto ameitwa, naye apimwe.