Ile "tu" ya Jumanne

Nimeshaandika hii mara mbili nikafuta, naona kama nakuza mambo, ila leo Ijumaa na bado imenikaa kooni kama mwiba wa perege, kwa hiyo acha niitoe.

Jumanne asubuhi nahangaika na soksi za Junior nikasikia geti. Kutoka nje namuona kijana wa mama mwenye nyumba kaja na jamaa kabeba msumeno wa mashine, wamesimama wanaukagua mwembe. Nikasalimia, nikauliza kulikoni, akasema wanaukata, hapo mbele anataka kuinua fremu tatu za maduka. Nikamwambia mdogo wangu, embe ndio hizo zinaanza kukomaa, si mngesubiri hata mwezi wa pili msimu uishe, halafu huo mti una wanyama wake. Akacheka. "Wanyama gani dada, kwani hapa Serengeti?" Na fundi naye akacheka. Halafu ndio akasema, wala si kwa ukali, anasema huku anachezea simu: "Sasa dada, we si mpangaji tu?"

Nikajibu "haya".

Haya! Mimi ninayeweza kugombana na konda kwa sababu ya shilingi mia, nikasema haya nikarudi ndani kutafuta soksi ya pili.

Mpangaji ni kweli, sikatai, mkataba upo kwenye droo na kodi ya miezi sita naijua inavyouma. Ni hiyo "tu" ndio siiwezi. Kwenye daladala nimeijibu, kazini nimeijibu (wiki hii tumehamishiwa ghorofa ya tano na lifti mbovu, sijali), matokeo ya darasa la saba yametoka Irene kafaulu vizuri tumempigia vigelegele, na mimi katikati ya vigelegele nasema kimoyomoyo "miaka kumi na moja nafagia majani ya huo mti, we ulifagia lini?" Hilo lilikuwa jibu zuri kabisa. Limekuja saa tatu usiku.

Afu kinachonichekesha, asubuhi kunguru wamejaa hapo ukutani wanachambua mfuko wa taka, hawa wenye shingo ya kijivu, na nikakumbuka kuwa hawa wenyewe waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 eti wasaidie kula takataka, wakala na vifaranga na makinda ya ndege wengine, wakavuka wakaenea pwani yote hadi mwaka 2024 Kenya ikatangaza mpango wa kuwatilia sumu kunguru milioni moja. Zaidi ya miaka 130 wapo na bado tunawaita kunguru wa India. Lakini hakuna anayewaambia wapangaji tu, na hawana mkataba wala hawalipi mtu kodi.

Tuje kwa wanyama wangu maana najua wengine mnadhani nilikuwa natia chumvi. Huku Msewe tumepakana na Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), tumbili wa chuoni tumewazoea wala si habari tena. Wangu mimi ni komba. Wiki ya kwanza tulipohamia nilimuamsha baba Irene saa nane usiku nikamwambia kuna mtu katupa mtoto mchanga nje, analia. Akatoka na panga na tochi, kavaa kanga yangu, anatetemeka, kumbe ni komba kakaa kwenye tawi anatafuna embe, anamtazama kama yeye ndiye kavamiwa. Mpaka leo nikitaka kumnyamazisha baba Irene namtajia ile kanga.

(Sio yule komba mdogo wa Rondo ambaye ni adimu, huyo yuko misitu ya Pugu na Pande. Wangu ni yule mkubwa wa pwani, mkia kama brashi, yule anayewasumbua wagema maana akiona kata ya tembo juu ya mnazi hapiti.)

Basi Jumatano usiku usingizi umekataa nikatoka na tochi ya simu. Nisiwafiche, nilikuwa na uchungu. Mashine ya yule fundi ilizima walipomaliza tawi moja tu, lile lililokuwa linaegemea ukutani kuelekea kwenye mpapai wa jirani, wakasema watarudi Jumamosi. Utomvu ulikuwa bado unachuruzika. Nikamulika, nikaona macho mawili ya rangi ya chungwa, halafu mengine mawili madogo nyuma yake, kumbe ana mtoto kamng'ang'ania mgongoni. Akaja akilifuata lile tawi kwa mwendo wa mazoea kabisa, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumbani kwake gizani, akafika pale lilipokatwa akasimama. Akanusa. Akarudi nyuma kidogo, akaja tena, akanusa tena, masikio yanazunguka kila moja kivyake. Halafu akaruka, na mtoto mgongoni, paaa! juu ya bati letu, baba Irene ndani akapiga kelele "nani huyo?" na mimi nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye vigae. Nilicheka peke yangu saa tisa usiku na kanga begani. Sijui kwa nini nilijisikia vizuri hivyo wakati tatizo liko palepale.

Jana mama mwenye nyumba akapiga simu kutoka Muheza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vipi, mwembe wangu umebeba mwaka huu?"

"Umebeba mama, mpaka matawi yanainama."

"Niwekee dodo zangu, huku ni machungwa tu, nimechoka. Na usiwaachie hao kunguru."

Kwa hiyo hajui. Kijana hajamwambia. Na mimi, nawaapia, nilisikia raha, tena raha mbaya, ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno, halafu nikasema "sawa mama, ntakuwekea" nikakata simu. Sasa najiuliza nilinyamaza kwa heshima au kwa uoga, na nikimpigia leo si nitakuwa nimemchongea mtoto wa mtu kwa mama yake, na nisipompigia kesho saa tatu mashine inawaka. Baba Irene anasema nisijiingize kwenye mambo ya familia ya watu. Yeye ndio angenyamaza kabisa, na ile kanga.

Simu ina chaji asilimia arobaini. Namba yake iko juu kabisa.

Halafu friji limeanza ule mlio wake tena, linanguruma, linakata, linanguruma, na samaki wa wiki nzima wako humo.