Sampuli ya kampuni, saa ya kampuni: namna wahakiki wa kompyuta wanavyobanwa

Hapa Dar, ukisema mhakiki wa kompyuta "kanunuliwa", watu wanafikiria bahasha ya kaki iliyotolewa mlangoni mwa ukumbi wa hoteli. Bahasha zipo, sikatai. Ila shinikizo linaloharibu mapitio mengi ya laptopu, kadi za michoro na SSD (diski za chipu zisizozunguka) halina hata senti ndani yake. Kampuni inashika vitu viwili tu: kifaa chenyewe, na saa ya kukitoa. Ukiiachia vyote viwili haina haja ya kukuhonga. Utaandika inachotaka na utaamini kabisa kwamba ni maoni yako.

Tuanze na saa. Kifaa kipya kikikaribia kuingia sokoni, mhakiki hupelekewa mapema, anasaini mkataba wa usiri na kuahidi kutochapisha kabla ya saa fulani. Utaratibu huu si mbaya. Unawapa wote muda sawa wa kupima, na anayepima taratibu haadhibiwi kwa kuchelewa. Ubaya unaingia kampuni inapoanza kuichezea saa. RTX 5060, kadi ya michoro ya Nvidia, ilitoka tarehe 19 Mei 2025, lakini draiva yake (programu inayoiwezesha kadi kufanya kazi) haikutolewa kwa wahakiki wengi mpaka siku ileile ya mauzo, wiki ambayo wengi wao walikuwa Taipei kwenye maonyesho ya Computex. Wachache walipewa draiva mapema kwa masharti: magemu yaliyochaguliwa na kampuni, mipangilio iliyopangwa na kampuni, ulinganisho na kadi za zamani kama RTX 2060 Super na RTX 3060, na teknolojia ya fremu za kutengenezwa ikiwa imewashwa.

Hiyo ya fremu, yaani picha mojamoja zinazounda mwendo wa gemu, inataka maelezo, maana ndiyo inayowachanganya wasomaji. Kwenye hali ya 4x, kila fremu moja inayochorwa na gemu lenyewe inafuatiwa na tatu zilizobuniwa na kadi. Gemu likichora fremu 40 kwa sekunde, kioo kinaweza kuonyesha karibu 160, lakini kipanya chako bado kinajibiwa kwa kasi ya zile 40, au pungufu kidogo. Ukiiweka 160 hiyo kwenye grafu moja na 70 za kadi isiyo na teknolojia hiyo, umelinganisha vitu viwili tofauti na mnunuzi hatajua. Mwezi huohuo Gamers Nexus, wahakiki wa YouTube wa Marekani, walieleza hadharani kwamba Nvidia ilikuwa ikiwasukuma waingize namba za aina hiyo kwenye mapitio yao, na kilichotumika kuwasukuma ni nafasi ya kuwahoji wahandisi wa kampuni. Angalia mtego ulivyo: hawakuambiwa waseme kadi ni nzuri. Waliambiwa wapime nini. Ukishampangia mtu cha kupima, hitimisho linajiandika.

Kabla ya hapo, Desemba 2020, Hardware Unboxed, wahakiki wa YouTube wa Australia, waliandikiwa barua pepe na Nvidia kwamba hawatapewa tena kadi zake za Founders Edition (zinazotolewa na Nvidia yenyewe), kwa kuwa hawakuupa uchoraji wa miale ya mwanga (ray tracing) uzito ambao kampuni ilitaka. Walipoianika barua hiyo, kelele zilikuwa kubwa, na ndani ya siku chache kampuni ikarudi nyuma na kuomba radhi. Waliokolewa na ukubwa wao. Mwenye wafuasi elfu tatu Mbagala akiandikiwa barua kama hiyo, hakuna wa kupiga kelele, na mara nyingi hata haandikiwi. Sampuli zinaacha kuja, basi.

Kuna pia ujanja wa kutuma toleo moja na kuficha jingine. RTX 5060 Ti ya Aprili 2025 ilikuja kwa aina mbili, GB 8 kwa dola 379 na GB 16 kwa dola 429. Kwa wahakiki zilipelekwa za GB 16. Waliotaka kupima ya GB 8 walilazimika kwenda kuinunua wenyewe, na kwenye magemu mazito ndiyo iliyoonyesha udhaifu. Na kuna wakati kampuni yenyewe inatangulia kusema huku midomo yenu imefungwa na mkataba. Oktoba 2018 Intel ilitoa vipimo vya prosesa yake ya Core i9-9900K ilivyovilipia kwa kampuni ya Principled Technologies, siku kadhaa kabla wahakiki hawajaruhusiwa kuchapisha vyao. Kwenye vipimo hivyo Ryzen 7 2700X ya AMD, yenye viini vinane, ilikuwa imewekwa kwenye hali inayozima vinne. Vilirudiwa baada ya malalamiko.

Tukija kwenye kifaa, swali ni kama ulichopelekewa ndicho kilichoko kwenye makabati ya Kariakoo. Mwaka 2016 tovuti ya TechPowerUp iligundua kuwa kadi za GTX 1080 ilizotumiwa na MSI na ASUS zilikuwa na BIOS (programu ya ndani ya kadi) yenye kasi kubwa kidogo kuliko za dukani. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini kwenye grafu kadi mbili huweza kupishana kwa tofauti ndogo hivyohivyo. SSD ndizo mbaya zaidi. Mwaka 2021 Crucial P2 iligundulika kubadilishiwa chipu kutoka TLC kwenda QLC, aina ya bei nafuu na ya polepole zaidi, jina likibaki lilelile, na mapitio mazuri ya awali yakiendelea kuiuza. Mwaka huohuo WD Blue SN550 ilibadilishwa chipu, na kasi ya kuandika baada ya akiba ya haraka (sehemu ya diski inayopokea data kwanza kwa kasi) kujaa ikashuka kutoka MB 610 kwa sekunde hadi MB 390.

Kwa laptopu, mchezo wa hapa kwetu unachezwa kwenye RAM. Sampuli inakuja na vipande viwili vya GB 8, ya dukani ina kipande kimoja. Kwenye prosesa kama Core i5-1135G7, ambayo imejaa kwenye laptopu za mtumba kutoka Uingereza na Dubai, kipande kimoja kinaishusha grafiki ya ndani kiasi kwamba Windows yenyewe inaacha kuiita Iris Xe na kuiandika UHD Graphics. Gemu lililokuwa linachezeka kwenye mapitio linakwamakwama sebuleni kwa mteja. Prosesa hiyohiyo mtengenezaji anaweza kuipangia umeme popote kati ya wati 12 na 28, kwa hiyo jina la prosesa peke yake halikuambii kitu.

Shinikizo la Dar lina sura yake. Mara chache hutoka kwa kampuni yenyewe, hutoka kwa wakala au msambazaji ambaye pia ndiye anayekulipa tangazo, na huja kwa upole: "Kaka, umeandika vizuri sana. Ila pale kwenye joto ungelegeza kidogo, mabosi wanasoma." Jibu kwa heshima ileile, ila kwa maandishi: "Asante kaka. Namba za joto zitabaki kama zilivyo. Kama mafundi wenu wanaona nimekosea, nitumieni namba zenu na namna mlivyopima, nitarudia na kuchapisha matokeo yote mawili." Akikupigia simu, ukimaliza kuongea mwandikie barua pepe ukimkumbusha mlichozungumza. Watu hupunguza maombi yao wakijua yameandikwa mahali.

Kabla ya kupokea kifaa, pata barua ya ukurasa mmoja iliyosainiwa pande zote mbili. Iseme kifaa ni cha nani, kitarudi tarehe gani, nani analipa usafiri, na kikiharibika katika matumizi ya kawaida nani anabeba hasara. Kisha sentensi mbili ambazo mawakala wengi hawazipendi: kwamba hakuna atakayesoma andiko kabla halijatoka, na kwamba hakuna vipimo vya lazima wala vilivyokatazwa. Dai angalau siku 14. Chini ya siku tano hutapata muda wa kurudia vipimo vya betri, na kipimo cha betri kilichofanywa mara moja hakina maana. Kuuliza kampuni maswali ya vipuri na bei siku moja kabla ya kuchapisha ni haki yao na yako. Kuwatumia andiko zima ni kitu kingine. Wakikuambia "subiri, draiva mpya inakuja", chapisha ulichopima kwa draiva iliyopo, taja toleo lake, kisha ongeza namba mpya ikifika.

Tangazo na mkopo wa kifaa vitajwe mstari wa kwanza, si chini kabisa baada ya alama za reli (#). Nchini, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kupotosha walaji, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Marekani, kanuni iliyoanza kutumika tarehe 21 Oktoba 2024 inakataza kampuni kutoa malipo au zawadi kwa sharti kwamba maoni ya wateja yawe mazuri. Wakala akikuandikia sharti la namna hiyo kwa bidhaa ya kampuni ya Marekani, muulize kama makao makuu wanajua. Huwa anakaa kimya.

Sasa kupima. Mwongozo wa mhakiki unaokuja na sampuli usome mwishoni, ukishamaliza, vinginevyo utajikuta unapima orodha yao. Andika joto la chumba. Vipimo vya kampuni hufanywa kwenye chumba chenye AC, wakati chumba cha Sinza kisicho na AC mchana wa Februari ni nyuzi 30 hadi 32, na joto la prosesa hupanda karibu sambamba na la chumba. Endesha Cinebench R23, programu ya kupima nguvu ya prosesa, mfululizo kwa dakika 30, kisha uandike alama ya kwanza na ya mwisho. Ikishuka zaidi ya asilimia 15, hiyo ya mwisho ndiyo inayokwenda kwenye kichwa cha andiko. Pima ikiwa kwenye chaja na ikiwa kwenye betri, maana kuna laptopu zinazopoteza nguvu nyingi chaja ikichomolewa, na kwa mji wa kukatikakatika umeme hilo si jambo dogo. Amri ya powercfg /batteryreport itakuonyesha uwezo wa betri ulioandikwa kiwandani na uliopo sasa.

Kwa SSD, programu ya kupima kasi ya diski, CrystalDiskMark, kwa kawaida hupima faili la GiB 1, na faili hilo lote linaingia kwenye akiba ya haraka. Kampuni zinaipenda kwa sababu hiyo. Jaza diski hadi asilimia 70 kwanza, kisha nakili folda ya GB 100 ya video kutoka diski nyingine yenye kasi, uangalie kasi inaporomoka wapi na inatulia kwenye ngapi. Baadhi ya za QLC hushuka hadi karibu MB 100 kwa sekunde, sawa na diski za zamani za kuzunguka.

Njia safi kuliko zote ni kununua mwenyewe, upewe risiti ya EFD (mashine ya kodi), upime, uuze. Hasara ya kuuza tena ndiyo bei ya kutoombwa chochote na mtu. Wasio na mtaji wazungumze na fundi: laptopu za wateja zinapita mezani kwake kila siku, na kwa ruhusa ya mwenye mali, saa moja inatosha kupata namba ambazo hakuna wakala aliyezichagua.

Na kama ulipima sampuli, rudi dukani baada ya mwezi ukiwa na flashi yenye CPU-Z, HWiNFO na CrystalDiskInfo, programu za kusoma vipuri vilivyomo ndani ya mashine, zisizohitaji kusakinishwa. Omba uwashiwe mashine mbili za modeli ileile. Linganisha idadi ya vipande vya RAM, jina la SSD na namba ya kioo, kisha tofauti uiandike juu kabisa ya mapitio pamoja na tarehe. Wauzaji wengi wa mtaa wa Aggrey, Kariakoo, hawana shida ukiwaeleza. Anayekataa flashi hatakataa ubonyeze Ctrl, Shift na Esc: kwenye ukurasa wa kumbukumbu Windows inaonyesha nafasi ngapi za RAM zimetumika. Ikishindikana hata hiyo, geuza mashine na upige picha ya lebo ya chini. Herufi za mwisho za namba ya modeli ndizo zinazotofautisha toleo ulilopelekewa na hilo linalouzwa.