Wiki ya tano na vidonge vya wasiwasi

Kwa mlioniuliza pembeni kama nimeanza dawa ya wasiwasi: ndiyo, nimeanza, inaitwa sertralini. Daktari alinianzishia miligramu 25, yaani nusu kidonge, kwa wiki moja, kisha 50. Akanionya kwamba mwanzoni hali inaweza kuwa mbaya kabla haijatulia. Nikaitikia tu, kama mtu anayesikiliza tangazo la stendi.

Siku ya tatu nikayakumbuka maneno yake. Kichefuchefu, kinywa kikavu, tumbo linaendesha, usingizi umehama nyumba. Kibaya zaidi, wasiwasi wenyewe ulipanda! Nilishuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya changu, jasho linanitiririka, nikampigia dada: hii dawa naitupa. Akasema, "Mdogo wangu, mpigie daktari kwanza." Daktari akanihamishia dozi kutoka usiku hadi asubuhi, baada ya chai. Kichefuchefu kikapungua, usingizi ukarudi kidogo kidogo. (Miayo sasa! Kikaoni bosi aliniuliza kama nimelala macho.) Pia daktari alisisitiza: mawazo ya kujidhuru yakija, nisingoje miadi, niende hospitali siku hiyo hiyo.

Hii si panadol, haifanyi kazi kwa saa moja. Wiki ya nne ndipo nilipogundua nimefika Kariakoo bila kuhesabu vituo. Hakuna furaha ya ajabu, kelele za kichwani tu zimeshuka. Kuacha ghafla siruhusiwi, dozi hupunguzwa taratibu.

Alhamisi narudi kliniki. Miayo bado ipo.