Joto la Februari na ngozi ya mama mdogo

Februari ile, Dar ilikuwa inachemka. Mama mdogo alikuwa wiki ya nne ya mionzi ya saratani ya titi pale Ocean Road, hospitali ya saratani: vipindi 25, greyi 2 (kipimo cha dozi ya mionzi) kila kimoja. Nilimkuta kwake Mbagala amekaa kitako, mkono kauinua mbali na mwili.

"Mwanangu, mashine imeniunguza."

Kifuani ngozi ilikuwa imekolea weusi na kukauka, jambo la kawaida kabisa. Sisi weusi tusingoje wekundu. Tuangalie rangi kukolea, ngozi kuvutika, joto na muwasho. Balaa lilikuwa chini ya titi. Mkunjo ulikuwa umechubuka, unatoa maji, na poda imegandamana humo. Upande ule alikuwa haogi, akiogopa kufuta alama za wino zinazoelekeza mionzi. Alama hazisuguliwi, ni kweli, lakini maji vuguvugu na sabuni isiyo na manukato hayakatazwi.

Mionzi huua seli za chini zinazozalisha ngozi mpya, kwa hiyo ya juu ikilika hakuna ya kuziba pengo. Ndiyo maana madhara huonekana wiki ya pili au ya tatu. Mkunjoni ngozi hulaliana na kupata dozi kubwa zaidi. Jasho na msuguano humalizia kazi.

Nilichemsha lita moja ya maji na kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, yakapoa. Chachi iliyolowa ilikaa dakika 10, poda ikalainika na kutoka yenyewe. Ukiikwangua unang'oa na ngozi. Kisha nikagusagusa kwa kitambaa safi hadi pakakauka. Mafuta ya nazi ya jirani niliyakataa, yanafungia unyevu mkunjoni. Plasta pia. Sidiria ya waya ikaenda kabatini, na kanga kuukuu iliyolainika ikakunjwa chini ya titi.

Asubuhi daktari alitafuta usaha, harufu mbaya na homa, havikuwepo. Alipohakikisha hana mzio wa dawa za salfa, aliandika silver sulfadiazine, krimu ya salfa ya kuzuia vijidudu: ipakwe baada ya kipindi, ioshwe kabla ya kinachofuata, maana tabaka nene huongeza dozi ya mionzi kwenye ngozi.

"Si nipumzike wiki moja, daktari?"

"Hapana, mama. Tukikatiza, saratani nayo inapata nafasi."

Akamwonya kwamba ngozi ingezidi kuharibika wiki moja au mbili baada ya kumaliza. Ikawa hivyo, wakati nyumbani wanaulizana mbona hajapona na mionzi imekwisha. Chachi na maji ya chumvi viliendelea hadi mkunjo ulipofunga.