Vijana sita wa Ketterdam, nikiwa ukingoni mwa ziwa

Jana jioni, nikiwa nimeketi juu ya jiwe karibu na kivuko cha Kamanga hapa Mwanza, nilimaliza kusoma Six of Crows, riwaya ya Leigh Bardugo iliyotoka mwaka 2015, na hadi sasa wahusika wake hawajaniacha. Vijana sita wanaondoka Ketterdam, mji wa bandari uliojaa wezi na wacheza kamari, kwenda kumtorosha mwanasayansi kutoka katika ngome ambayo haijawahi kuvamiwa. Sura karibu zote zinapokezana kupitia macho ya watano kati yao, kiasi kwamba Matthias, niliyemchukia mwanzoni, baadaye nilimwonea huruma ya kweli.

Inej nilimpenda kuliko wote: hutembea juu ya mapaa bila kusikika, na visu vyake amevipa majina ya watakatifu. Lakini ukurasa ulionifanya nifunge kitabu kwa muda ni ule unaoeleza kwa nini Kaz, kiongozi wao, havui glavu zake. Alipokuwa mtoto alivuka maji ya bandari akiwa ameishikilia maiti ya kaka yake ili asizame. Kwa sisi tuliokulia kando ya ziwa hili, tukiwasikia wazee wakisimulia kuzama kwa meli ya MV Bukoba Mei 1996 kwa sauti ya chini, picha hiyo haisomwi kwa haraka. Niliinua macho nikatazama maji yakipiga mawe, wavuvi wa dagaa wakianza kuwasha taa zao, nikakaa hivyo mpaka giza likaingia.