Kutoka kukimbia chuoni hadi kunoa timu ya sekondari

Chuoni nilikimbia mita 800, na sikuwa nyota: nilikuwa yule anayeingia fainali akamaliza wa sita. Nilipokabidhiwa timu ya riadha ya sekondari, wazazi walitegemea niwape watoto wao programu ileile iliyonikuza mimi. Niliiweka kando. Mtoto wa miaka 15 bado anarefuka na mifupa yake haijakomaa. Mzigo anaoubeba mtu wa miaka 22 unamwachia maumivu ya magoti na miundi.

Tulianza kwa kukimbia polepole, na walilalamika kwelikweli. Kipimo kilikuwa mdomo: ukishindwa kupiga soga na mwenzako, punguza mwendo. Kocha Arthur Lydiard wa New Zealand aliwajenga wanariadha wake kwa mbio ndefu za utulivu, na kwenye Olimpiki ya mwaka 1960 mjini Roma mwanafunzi wake Peter Snell akatwaa dhahabu ya mita 800, naye Murray Halberg ya mita 5000, siku moja. Wangu niliwapa sehemu ndogo tu ya umbali ule. Mazoezi makali yalikuwa mara mbili kwa wiki, basi.

Kilichokula muda wangu mwingi ni mzunguko wa kwanza wa mita 800. Vijana huuanza kama wanafukuzwa na nyuki. David Rudisha alipoweka rekodi ya dunia ya 1:40.91 mjini London mwaka 2012, mzunguko wa kwanza ulimchukua sekunde 49.28 na wa pili 51.63. Wangu walikuwa wakiachanisha mizunguko hiyo kwa sekunde kumi hivi! Nikawavua saa. Walikimbia mita 200, kisha kila mmoja akakisia muda wake kabla sijautaja. Mwanzoni ilikuwa vichekesho vitupu. Binti aliyekuja kukisia vizuri kuliko wote ndiye aliyetuletea medali ya kwanza. Hakuwa mwenye kasi kuliko wenzake.

Kupokezana vijiti tulikufanyia mazoezi hata wakati wa kupasha misuli. Wanne wa kawaida wanaopokezana bila kupunguza kasi huwashinda wanne wenye mbio wanaotafutana mikono, na tuliwashinda wengi kwa njia hiyo.

Watu hudhani mbio zangu za chuoni ndizo siri. Zimenisaidia jambo moja: najua mita 200 za tatu zinavyouma, pale pumzi imekata na mwisho bado uko mbali. Siku ya mashindano huwa sisimami kwenye utepe. Nasimama upande wa pili wa uwanja, wanaposhawishika kulegeza, nawaita kwa majina.