Sentimita 26 za usiku: nilivyoanza kuyalinda maji kwenye loji yangu Dodoma

Nina loji ya vyumba 14 hapa Ipagala. Mimi na marehemu mume wangu tuliijenga kidogo kidogo, chumba kimoja baada ya kingine, tangu mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kweli. Wakati ule kila mwenye kiwanja alihesabu wageni watakaokuja. Sikumbuki mtu aliyehesabu ndoo za maji watakazooga.

Na Dodoma ukisahau maji umesahau kila kitu. Mvua yetu ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600. Baada ya hapo ni jua, upepo na vumbi mpaka Desemba nyingine. Sehemu kubwa ya maji ya mjini inatoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na mji wenyewe kwa sensa ya mwaka 2022 una watu zaidi ya 760,000. Mimi nilikulia Kondoa, nimecheza kwenye makorongo yaliyochimbwa na mmomonyoko, na mama alikuwa akitusimulia mwaka 1979 ng'ombe walipoondolewa kwenye vilima vya Kondoa Irangi ili ardhi ipone. Kwa hiyo habari za mazingira sikuzisikia kwenye semina. Lakini biashara ilinipofusha.

Kilichonifumbua macho ni bili ya Julai. Bunge la bajeti lilikuwa limekwisha, wageni wameondoka, vyumba vinne tu ndivyo vyenye watu, na bili ya maji ilikuwa karibu sawa na ya Mei tulipokuwa tumejaa hadi tunawarudisha watu mlangoni. Niliisoma mara tatu. Kama waliooga hawapo, nani kaoga?

Nikamwita fundi bomba, mzee mmoja wa Chamwino aliyetufungia mabomba tangu mwanzo. Alinisikiliza, akasema, "Mama, mchana hapa kila mtu anafungua koki. Tupime usiku, wote wakilala." Akachukua ule mpira mwangavu ambao mafundi ujenzi wanapimia levo, akaufunga kwenye sehemu ya chini ya simtanki yetu ya lita 5,000, akausimamisha ubavuni mwa tangi na kuweka tepu ya kupimia pembeni. Maji ndani ya mpira yanasimama sawasawa na yaliyo ndani ya tangi. Tangi letu lina upana wa mita 1.8, hivyo kila sentimita moja inayoshuka ni takribani lita 25. Saa tano usiku tukafunga koki inayoingiza maji tangini, nikaweka alama kwa peni. Saa kumi alfajiri nikapanda tena na tochi.

Yalikuwa yameshuka sentimita 26. Lita 650 kwa muda wa saa tano, na wageni wanne wamelala fofofo. Nilikaa pale juu ya ngazi nikipiga hesabu kwenye simu: kwa siku nzima ni zaidi ya lita 3,000 zinazopotea bila mtu kunawa hata mkono. Niseme ukweli, nililia. Nyumbani kwa mama Kondoa tulikuwa tunanawa miguu kwa maji yaliyooshea vyombo.

Asubuhi tukaanza msako. Fundi aliniagiza ninunue rangi ya chakula, ile nyekundu ya keki. Tukadondosha kidogo kwenye tangi la kuflashia la kila choo, tukaacha dakika 20 bila mtu kugusa. Choo ambacho sinki lake limegeuka jekundu kinavuja. Vilikuwa vitano kati ya 14. Hakuna aliyekuwa amelalamika, kwa sababu choo kinavuja kimyakimya, uzi mwembamba wa maji unateleza nyuma ya sinki na huusikii. Fundi akatoa raba moja akanionyesha: pembeni imeota ukoko mweupe, mgumu kama chokaa. Maji yetu ya ardhini yana chumvi na madini mengi, yanakula raba haraka, haiwezi tena kuziba. Kubadilisha vifaa vya vyoo vitano pamoja na ufundi haikufika laki mbili.

Kuvuja kwa pili tulikuwa tunakusifia. Nyuma ya chumba namba 9, kando ya ukuta, kulikuwa na kipande cha nyasi za kijani kibichi, Julai, wakati Dodoma nzima imekuwa rangi ya kahawia. Nilishampongeza kijana wa bustani kwa kile kipande. Fundi alikitazama tu, akaomba jembe. Futi moja na nusu chini kiungo cha bomba kilikuwa kimefunguka.

Usiku uliofuata tulipima tena. Sentimita 3.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu wenzangu wenye gesti na loji ndogo wakisikia "hoteli inayotunza mazingira" wanafikiria paneli za mamilioni na vyeti vya ukutani, wanakata tamaa kabla ya kuanza. Mimi naamini kabisa kwamba hatua ya kwanza ni kupima. Ukipima utajua kwako panapovuja, na kwako panaweza kuwa si kama kwangu.

Baada ya vyoo tulienda kwenye shawa. Ndoo ya lita 10 ilijaa kwa sekunde 40, yaani lita 15 kwa dakika. Nilinunua vichwa vya shawa vya kubana maji, vya bei kubwa, vikashindwa: vinataka presha ya pampu, na mnara uliobeba tangi letu una mita 6 tu. Mgeni alipata matone. Tukarudi kwenye vichwa vya kawaida vyenye matundu madogo, tukajaribu aina tatu kwenye chumba kimoja mpaka tukapata kinachojaza ndoo kwa sekunde 75 na bado mtu anaoga akatosheka. Mimi mwenyewe nilioga kwa kila kimoja kabla ya kukiweka kwa mgeni.

Shuka na taulo ndiko nilikopata upinzani, na si kwa wageni tu. Tulikuwa tunafua kila siku. Nilipopendekeza kwa mgeni anayekaa siku nyingi tubadilishe kila siku ya tatu, au siku yoyote akiomba, meneja wangu wa mapokezi aliogopa tutaonekana tumefilisika. Aliyeamua ule mjadala ni dada anayefua. Kwao ni kijijini huko nje ya mji, bado wanachota maji kwa madumu. Alisema taratibu, "Mama, taulo moja ya mgeni naisuuza kwa maji ambayo nyumbani tunapikia na kunywa siku nzima." Hapo meneja hakuwa na la kuongeza.

Tuliandika kadi, haikusaidia sana. Kinachosaidia ni kuongea. Kuna mzee mmoja alikuja kwa kikao cha wiki mbili, siku ya pili akatoka na taulo mkononi.

"Binti, nimelipa. Mbona sijabadilishiwa?"

"Shikamoo mzee. Utabadilishiwa sasa hivi, ni haki yako. Ila naomba dakika mbili nikuonyeshe kitu."

Nikampeleka nyuma kwenye mpira wa kupimia, nikamweleza kila sentimita ni lita ngapi na maji yanatoka wapi. Alisimama akitazama ule mpira, akauliza maswali mengi kuhusu Mzakwe. Taulo aliichukua mpya siku hiyo. Siku zilizobaki alikuwa akisema mwenyewe, "Leo acha." Tangu hapo wahudumu wote wanajua maelezo yale, na hatumlazimishi mtu hata mmoja. Mgeni akilazimishwa anakuhama.

Sasa nije kwenye hita, maana hapo nilipoteza fedha. Juni na Julai usiku wa Dodoma ni baridi, na Juni Bunge la bajeti bado linaendelea, kila chumba kinataka maji ya moto. Tulikuwa na hita za umeme za papo kwa papo, kilowati 5.5 kila moja. Mtu akioga dakika kumi ni karibu uniti moja ya Luku imekwenda. Nikanunua hita za jua mbili za mirija ya kioo. Jua la hapa ni la uhakika, maji yalichemka hasa. Baada ya miezi minane yakawa ya uvuguvugu, kisha bomba likawa linatema kidogo tu. Muuzaji alikuwa hajaniuliza hata siku moja natumia maji gani, na nilipompigia simu hakupokea. Fundi wangu alifungua bomba la kutolea, akaligonga juu ya gazeti. Kilichomwagika kilikuwa vipande vyeupe kama maganda ya mayai, mkono mzima. Maji ya chumvi yakichemshwa yanaacha ukoko kwenye chuma, na kadiri moto unavyozidi ndivyo ukoko unavyozidi.

Jibu lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Maji ya mvua hayana chumvi. Paa letu lina mita za mraba 420. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Hata mwaka wa milimita 550, ukitoa sehemu ya tano inayopotea kwa kumwagika na kukauka, linashuka zaidi ya lita 180,000. Tulifunga gata pande zote na kujenga tangi la ardhini la lita 60,000. Hilo ndilo lililogharimu kuliko vyote, nililijenga kwa misimu miwili, na deni lake nimelimaliza mwaka jana. Hita zinakula takribani lita 300 kwa siku. Tangi likijaa mwishoni mwa Aprili linatufikisha katikati ya Novemba, siku 200. Mvua zikiwa zinanyesha tunafulia pia maji hayohayo, na dada wa kufua aligundua kitu ambacho mimi sikukifikiria: povu linatoka haraka, sabuni inatumika kidogo kuliko kwa maji ya bomba. Jambo moja la kuzingatia: mvua ya kwanza ya Desemba inaosha vumbi la miezi saba na kinyesi cha ndege. Tumeweka bomba la kumwaga yale ya mwanzo nje, ndipo tunafungulia tangini. Na hayo hatumpi mtu kunywa.

Maji ya kuogea ya vyumba vinane vya chini nayo hayaendi tena kwenye shimo la choo. Yanapita kwenye shimo la kokoto na mchanga, yanakwenda kwenye miti: mkwaju, mwarobaini, mlonge, na mikungugu miwili iliyojiotea tukaipogoa na kuiacha, kama wanavyofanya vijijini na Kisiki Hai, ule mpango wa kufufua miti kutoka kwenye visiki vyake. Bustani ya nyasi tuliing'oa. Iliniuma, niliipenda. Lakini nyasi za kumwagilia kila jioni kwenye mji huu sioni namna ya kuzitetea. Tuliacha kutumia dawa kali za kusafishia bafuni, maana zinaua udongo, na maji haya ya kuogea hatumwagilii mchicha wala chochote kinacholiwa kibichi. Udongo ukianza kuwa mweupe juu tunahamisha mpira kwenda mti mwingine tukisubiri mvua iusafishe.

Jikoni tumefika nusu ya njia. Maharage na makande tunapika kwa jiko la presha la umeme, sufuria ya maharage haifiki uniti moja; vingine ni gesi. Sisi hatulishi watu 100, hivyo hatumo kwenye taasisi zilizoagizwa kuacha kuni na mkaa, ila gunia la mkaa linalosimama mlangoni kwangu najua limetoka kwenye vichaka gani. Nyama choma ya Ijumaa bado ni mkaa. Sijapata njia nyingine ambayo wateja wangu wanaikubali, na naendelea kutafuta. Kifungua kinywa nacho tuliacha kukipanga mezani kizima; mgeni anaagiza usiku, chapati ngapi, uji wa uwele au chai. Mabaki yameshuka kutoka ndoo mbili kwa siku hadi chini ya nusu ndoo, na hizo anachukua jirani mwenye nguruwe.

Karibu na mlango wa jikoni kuna ubao mweusi mdogo. Kila alfajiri mlinzi, kabla ya kukabidhi zamu, anaandika kwa chaki sentimita za usiku: 2, 3, 3, 2. Mwezi uliopita nilishuka kunywa chai nikakuta imeandikwa 9. Nikageuka kumtafuta fundi kwenye simu. Dada wa usafi alikuwa anapita na kichupa cha rangi nyekundu mfukoni mwa aproni, akaniambia bila kusimama, "Ni namba 11, mama. Raba nimeshaitoa."